Maji ya Pangani na fungu la Mengineyo

Simu iliita saa mbili usiku, namba nisiyoifahamu. Kabla sijasema neno nilisikia mtu anakohoa, kikohozi cha mtu mzima, basi nikatanguliza shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye ile saraka ya tovuti?"

"Ndiye mimi, mzee wangu."

"Ule ukurasa wa maji mmeuondoa?"

Alikuwa anapiga kutoka Pangani. Mjukuu wake ndiye aliyempa namba yangu, ile tuliyoiandika chini kabisa ya ukurasa wa mwanzo. Simu yake ya zamani ilidondoka baharini, ikazama na ukurasa aliokuwa akiufungua kila jioni kuangalia maji yatapwa saa ngapi na yatajaa saa ngapi. Jina la ukurasa halikumbuki. Alichokumbuka ni kwamba mara ya kwanza mjukuu aliupata kwetu. Basi akaingia kwenye saraka yetu, orodha ya tovuti za Kiswahili zilizopangwa kwa mafungu. Akaanza na fungu la Dini, kwa sababu ukurasa ule una tarehe za mwezi mwandamo. Hakuuona. Akaenda Biashara, akashuka mpaka Uvuvi. Akakuta bei za samaki, mashine za boti, sheria za nyavu. Maji hakuna.

Nilifungua kompyuta yeye akiwa bado hewani. Ukurasa ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya Sayansi, halafu Jiografia, halafu Bahari. Niliuweka pale kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka jana, na nakumbuka niliridhika nao kabisa.

"Haujaondolewa mzee wangu. Upo kwenye Sayansi."

"Sayansi."

Akakaa kimya. Nikasikia redio inaongea nyuma yake. Halafu akasema, "Haya mwanangu, ahsante sana," kwa ule upole wa wazee unaouma kuliko kukaripiwa.

Wiki tano zimepita. Bado naisikia hiyo "Sayansi".

Maji ni ya nani

Nilipokata simu nilianza kwa kujitetea. Maji kupwa na kujaa ni sayansi, nani atabisha? Mwezi na jua vinaivuta bahari. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, linakuja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Katikati hapo ndipo yanapokuja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Yote yana hesabu yake. Ningeuweka wapi ukurasa huo kama si Sayansi?

Lakini yule mzee haisomi hesabu hiyo ili ajue kwa nini. Anaisoma ajue alfajiri atoke saa ngapi, na wakati wa kurudi mlango wa mto utakuwa na maji ya kumpitisha au itabidi angoje nje. Mama wa Jambiani anayelima mwani anazitazama namba hizohizo ili ajue siku zipi za bamvua shamba lake litabaki wazi afunge kamba. Wanaokwenda kwa miguu kuvua pweza kwenye miamba nao wanazitazama, kwa sababu siku za maji mafu mwamba hauonekani vizuri na safari ni ya bure. Mwanafunzi wa jiografia anazitazama pia, pengine mara moja, kabla ya mtihani.

Nilikuwa nimeuweka ukurasa mahali pa yule anayeuhitaji kidogo kuliko wote.

Na kuhusu Dini, awali nilidhani mzee alipotea njia. Hakupotea. Mtu anayehesabu maji kwa tarehe za mwezi anajua kwamba tarehe 1 na tarehe 15 ziko jirani na maji makubwa, na kalenda hiyo ndiyo inayomwambia Ramadhani imeingia. Kwake ni kalenda moja, ya swala na ya nyavu. Mimi ndiye niliyeikata vipande viwili, kisha nikampa kila kipande droo yake mbali na mwenzake.

Mafungu 14

Saraka yetu tuliianza watatu: mimi Tanga, mwenzangu mmoja Mombasa, na mwingine yuko Muscat. Tulitaka kitu kidogo tu, mahali ambapo mtu anayesoma Kiswahili angekuta tovuti za Kiswahili zimepangwa na mtu aliyezifungua na kuzisoma, si mashine. Leo zimefika 600 na kidogo.

Swali la mafungu tulilimaliza usiku mmoja. Nasema tulilimaliza, na ndiyo maana naandika makala hii.

Tulichofanya ni kuyachukua mafungu 14 ya juu ya saraka ya zamani ya Yahoo na kuyatafsiri. Sanaa, Biashara, Kompyuta, Elimu, Burudani, Serikali, Afya, Habari, Michezo, Marejeo, Maeneo, Sayansi, Sayansi ya Jamii, Jamii na Utamaduni. Mimi ndiye niliyependekeza. Nilikuwa naikumbuka ile orodha tangu enzi za kukaa intaneti kafe hapa mjini na kulipia kwa nusu saa, ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari. Kwa binti wa miaka ile, orodha ile ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Ulianzia juu, ukashuka, ukashuka tena, mpaka ukagusa kitu.

Yahoo ilianza hivyo, mwaka 1994, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, wakiorodhesha tovuti walizozipenda. Orodha iliporefuka wakaigawa mafungu, na mafungu yakagawanywa tena. Saraka ile ilifungwa mwishoni mwa 2014.

Sisi tulijikuta wapi humo? Uliingia Maeneo, ukaenda Nchi, ukashuka mpaka Tanzania. Pale ndipo nilipozoea kututafuta, na wala sikuwahi kuliona hilo kama jambo la ajabu.

Baada yake, mwaka 1998, ikaja saraka kubwa zaidi ya kujitolea, DMOZ, ambayo ilihaririwa na watu wa kila mahali na ikafungwa Machi 2017. Ile niliifuatilia kwa karibu, kwa mapenzi hasa. Pale juu kulikuwa na mafungu ya kawaida, Sanaa, Biashara, Afya na mengine, yote kwa Kiingereza. Lugha nyingine zote, Kijerumani, Kijapani, Kiarabu, na zetu humo humo, ziliwekwa ndani ya fungu moja lililoitwa Dunia.

Dunia nzima, ndani ya droo moja, kando ya Burudani na Michezo.

Siwalaumu waliofanya hivyo. Ilibidi pawe na mlango wa kuingilia, na wao waliujenga mlango upande waliosimama. Najilaumu kwamba miaka mingi baadaye nikauhamisha mlango uleule, nikauleta Tanga, nikaupachika kwenye nyumba ya Kiswahili bila kuuliza wanaoingia wanatokea upande gani.

Kuna hesabu nyingine ya DMOZ ambayo mwenzangu wa Mombasa hapendi niisahau. Ilipofungwa ilikuwa na tovuti zaidi ya milioni 3.8, na mafungu zaidi ya milioni 1. Gawanya mwenyewe. Ni kama tovuti nne kwa kila fungu. Mtu anashuka ngazi saba, nane, anafika chini anakuta vitu vitatu na kimoja kimekufa. Kwa sababu hiyo tulijiwekea sharti tangu mwanzo: fungu halifunguliwi mpaka ziwepo tovuti 5 za kuliingia. Sharti lake, na nilikubaliana nalo kwa moyo wote.

Rafu ya 297

Kwa kazi yangu ya mchana mimi ni mkutubi wa shule. Kila mwaka wanafunzi wapya wanakuja na mimi nawafundisha namba za Dewey, mpango wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876 na bado ndio tunaoutumia. Mia mbili ni dini. Ukianzia 220 unaikuta Biblia, unakwenda na Ukristo na madhehebu yake mpaka mwisho wa 280. Uislamu wote, Qurani, hadithi, sheria, historia, maadili, umewekwa ndani ya 297. Namba moja.

Shule yangu ipo Tanga. Rafu ya 297 kwetu imejaa hadi vitabu vinalala juu ya vingine, na desimali zake zinarefuka mpaka hazienei kwenye kibandiko cha mgongoni mwa kitabu. Rafu za 250 na 260 zina nafasi ya kuwekea chupa ya maji.

Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Fasihi ya Kiingereza ni 820. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Madamu, kwa nini namba yetu ni ndefu hivi?" Nikamjibu kwamba ni kwa sababu lugha ni nyingi. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake.

Nimeyajua haya kwa miaka. Nimeyasema mbele ya wenzangu kwenye semina. Na bado usiku ule tulipokaa kupanga saraka yetu wenyewe, ambako hakuna mtu aliyetulazimisha chochote, nikaanza kwa kutafsiri.

Hapo ndipo panaponikereketa mpaka leo.

Kufungua Mengineyo

Siku chache baada ya ile simu nilifungua fungu la Mengineyo. Kila saraka inalo, na mhariri hupita mbele yake akitazama pembeni. Letu lilikuwa la pili kwa ukubwa, nyuma ya Habari. Nikalisoma lote, kiungo baada ya kiungo, usiku mbili.

Kulikuwa na ukurasa wa vikoba, unaoeleza jinsi ya kugawa hisa na kuandika daftari la mikopo. Biashara haikuutaka kwa sababu si kampuni, Jamii haikuutaka kwa sababu ni fedha. Kulikuwa na ukurasa wa bajeti za kamati ya harusi, na kadi za michango. Kulikuwa na mtu anayekusanya vitendawili kutoka kwa bibi zake, na sauti zao kazirekodi. Kulikuwa na ratiba za mabasi ya usiku. Kulikuwa na matangazo ya misiba ya watu wa wilaya moja waliotawanyika Dar es Salaam, Nairobi na Dubai. Kulikuwa na mama anayefundisha kusuka ukili.

Nikalinganisha na fungu la Kompyuta, lililopangwa kwa unadhifu, kila kitu mahali pake. Yaliyomo mengi ni tafsiri za maelezo ya programu za kigeni.

Kilichoingia vizuri kwenye droo zetu ni kile kilichotoka nje pamoja na droo zenyewe. Kilichozaliwa hapa kilisukumwa Mengineyo. Na waliokisukuma si watu wa mbali. Ni mimi, na kalamu yangu.

Herufi M

Nilidhani dawa ni rahisi: vunja mafungu, panga kila kitu kwa alfabeti, mtu atafute mwenyewe. Nilijaribu kwa siku mbili kwenye karatasi.

M ilimeza nusu ya saraka. Muziki, Michezo, Mapishi, Mitindo, Mashairi, Mazingira, Malezi, Mawasiliano, Magari, Masoko, Misiba, Mabasi. Iliyosalia ikaenda U: Uchumi, Utalii, Uvuvi, Ufugaji, Ujenzi, Usafiri, Uandishi. Herufi kama C na G zilikuwa na kitu kimoja kimoja.

Lugha yetu inabadilisha maneno kwa mbele. Mkulima yuko M, kilimo kiko K, ukulima uko U, na wote ni ndugu wa kulima. Alfabeti inawatenganisha ndugu na kuwakalisha wageni pamoja. Anayeandika lebo naye ndivyo hivyo: mmoja ataandika mvuvi, mwingine wavuvi, wa tatu uvuvi, wa nne samaki, na mashine itaona mambo manne.

Bado hapo hujaja ugomvi wa majina. Mwenzangu wa Mombasa amesoma tarakilishi na runinga shuleni, mimi nimesoma kompyuta na televisheni. Yeye kwake ni matatu, kwangu daladala. Kila mmoja wetu jina la mwenzake analielewa, lakini hakuna hata mmoja angelitafuta fungu kwa jina la mwenzake. Hili tulilimaliza kwa kuandika yote mawili, na sina zaidi la kusema hapo.

Fungu la mchuzi

Jumamosi moja nilikuwa soko la Mgandini, kichwa kimejaa droo. Mama ninayenunua kwake mboga alikuwa anapanga meza. Nyanya ngumu upande wa kushoto, kwa mafungu ya tano tano. Nyanya zilizoiva sana upande wa kulia. Na mbele kabisa, karibu na mkono wa mteja, mafungu ambayo kila moja lina nyanya tatu, kitunguu kimoja, karoti, hoho na kipande cha tangawizi.

Neno nililolitumia kwenye saraka kwa miaka yote lilikuwa hili hili. Fungu. Sikuwahi kulitazama mezani.

"Mama, hizi mbona umezichanganya?"

"Hilo fungu la mchuzi, dada. Mtu anatoka kazini jioni, kachoka. Ukimwekea nyanya peke yake atakuuliza kitunguu kiko wapi. Kitunguu kiko kwa mwenzangu kule, akienda huko harudi."

"Na hizi ulizozitenga?"

"Hizo ngumu za kachumbari. Hizi za kupika."

Nyanya ni nyanya, kutoka tenga moja. Yeye alikuwa amezigawa kwa kinachokwenda kutokea jikoni. Nilinunua fungu la mchuzi, na njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nimelishika mkononi badala ya kulitia kikapuni.

Kiboko anaogelea, kiboko kimekatika

Usiku huo likanijia somo la ngeli, ambalo nililichukia shuleni.

Mnajua ule ubishi wa zamani: ngeli zipangwe kwa maumbo ya nomino, yaani umoja na wingi wake, au kwa upatanisho? Ukienda kwa umbo, kiboko ni ndugu wa kiti na kisu, maana wingi wake ni viboko. Lakini hakuna Mswahili anayesema kiboko kinaogelea. Anasema kiboko anaogelea. Mwambie basi azungumzie kile kiboko cha mwalimu: kiboko kimekatika. Neno moja, herufi zilezile, na mahali pake hapajulikani mpaka kitenzi kije. Ndege ndivyo hivyo. Ndege anaruka ana mabawa ya manyoya, ndege inaruka ina rubani.

Ukiitazama nomino peke yake huwezi kusema iko wapi. Kitenzi ndicho kinachosema.

Kila mtu anayeongea Kiswahili anafanya upangaji huu maelfu ya mara kwa siku na hakosei. Bibi yangu hakuwahi kukaa darasani na hakuwahi kukosea. Na sisi tulipotaka kupanga tukazitazama nomino zikiwa zimesimama peke yake, tukauliza, "Hiki ni nini?" Ukurasa wa maji ni nini? Ni sayansi. Ukurasa wa maji unafanyiwa nini? Unavuliwa nao samaki. Unalimiwa nao mwani.

Niliwaandikia wenzangu saa saba usiku. Nikapendekeza mafungu yawe vitenzi. Kuvua. Kulima. Kupika. Kusafiri. Kujenga. Kuoa na kuozesha. Kuzika. Kuweka na kukopa.

Mashaka

Wa Muscat alifurahi papo hapo. Wa Mombasa alikaa siku nne kabla ya kujibu, na jibu lake lilikuwa refu na zuri.

"Dada, nimelijaribu. Nimechukua tovuti 50 za mwanzo na kuzipa vitenzi. Kuvua na kupika sawa. Lakini historia ya Kilwa? Kusoma. Mashairi? Kusoma. Habari? Kusoma. Fizikia? Kusoma. Umeondoa Mengineyo, umeleta Kusoma."

Alikuwa na haki. Nilizijaribu mwenyewe nikapata yaleyale. Kuna kurasa ambazo mtu anaziendea ili afanye jambo, na kuna ambazo anaziendea ili ajue tu, na kwa hizo kitenzi hakisaidii. Nilihisi wazo langu lote linapukutika. Wiki moja sikuigusa saraka.

Rafiki yangu mwingine, si wa saraka, aliniuliza swali gumu zaidi: kwa nini tunajisumbua wakati mtu ataandika tu neno kwenye Google? Nilimjibu kwa kumweleza yule mzee. Ukurasa ule umeandikwa juu yake "Nyakati za kujaa na kupwa kwa bahari". Mzee neno lake ni bamvua. Neno bamvua halipo popote kwenye ukurasa ule, nimelitafuta. Ili uulize mashine ni lazima uwe na neno ambalo mwandishi naye alilitumia. Kwenye meza ya Mgandini huhitaji kujua neno. Unapita, unaona.

Kilichonirudisha kazini ni mkutubi mwenzangu wa zamani sana, ambaye nilimsoma chuoni na kumsahau. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hesabu kule Madras, India, akaingizwa kwenye kazi ya maktaba, na mwaka 1933 akatoa mpango wake mwenyewe. Hakuuliza kitabu kiko kwenye droo ipi. Aliuliza kina nyuso gani: kinamhusu nani au nini hasa, cha kitu gani, kitendo gani kinafanyika, wapi, lini. Kitabu kimoja kikawa na anwani ya vipande. Kitendo kwake ni uso mmoja kati ya nyuso tano, na hapo ndipo nilipoona nilikokwenda kombo. Nilikuwa nimekifanya kitenzi kuwa mfalme peke yake, kama nilivyoifanya nomino kabla yake.

Basi tukakubaliana hivi. Kwa yale ambayo watu wanayajia ili wafanye, fungu ni kitenzi. Kwa yale wanayoyajia ili wajue, fungu linabaki nomino: Historia, Ushairi, Habari. Hakuna haja ya kufanana, meza ya yule mama nayo haifanani. Halafu kila ukurasa una nyumba moja, lakini unaweza kuonekana kwenye mafungu mengine. Yahoo walifanya hivyo kwa alama ndogo ya @ mwishoni mwa jina la fungu, kukuambia kwamba hapa ni mlango tu, nyumba iko kule. Tumeiga hiyo, na hiyo naiiga kwa moyo mweupe.

Ukurasa wa maji una nyumba Kuvua. Una milango Kulima, kwa ajili ya mwani, na Kusafiri, na Kalenda chini ya Dini. Sayansi nako upo. Mwanafunzi wa mtihani naye ana haki.

Pangani tena

Nilimpigia mzee.

"Shikamoo mzee wangu. Mimi ni yule wa saraka. Nenda pale palipoandikwa Kuvua."

"Marahaba. Ngoja nivae miwani." Kimya kirefu. "Kuvua. Ehee. Haya hapa."

Nikajua nimemaliza. Sikuwa nimemaliza.

"Lakini mwanangu, mbona hapa chini hamkuandika bamvua? Mmeandika taarifa za mabadiliko ya vina vya bahari. Hiyo ndiyo nini?"

Yale yalikuwa maneno yangu, mstari wa maelezo chini ya kiungo. Niliufuta palepale nikiwa bado naongea naye, nikaandika: Saa za maji kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, kwa Tanga, Pangani, Unguja na Mombasa. Nikamsomea. Akasema, "Hapo sawa. Hata asiyejua kusoma vizuri atalitambua hilo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mistari ya maelezo yote 600 na kidogo, mmoja mmoja. Nimefika 210. Ni kazi kubwa kuliko ya mafungu, na naona ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza.

Ukurasa mmoja

Mengineyo imebaki na kurasa 11. Juzi usiku nilikuwa na mmoja wao.

Ni ukurasa wa kijana mmoja aliyepita kwenye makaburi ya kijiji chao na kuandika majina. Hakuna picha. Ni majina tu, na upande wa kila jina maelezo ya kufika: mbuyu wa pili, mkono wa kushoto, kaburi lenye jiwe la matumbawe lililovunjika pembe. Juu kabisa kaandika kwamba amefanya hivyo ili wajukuu wakija kutoka mbali waweze kumfikia babu yao.

Kuzika haikufaa, kwani humo mna matangazo ya misiba na kamati zake, na hawa walizikwa zamani. Historia haikufaa, hakuna hata tarehe moja. Dini ingeupokea, lakini ungekaa kati ya saa za swala na ratiba za misa, na aliyetoka mbali asingeuona.

Nikajiuliza atakayekuja kuufungua atakuwa anakwenda kufanya nini.

Nikafungua fungu jipya, nikaliita Kuzuru. Nikauweka ndani yake, peke yake. Asubuhi mwenzangu wa Mombasa akaniandikia neno moja: "Tano?" Sikujua nimjibu nini, kwa hiyo sikumjibu.

Jana nilipofungua saraka, Kuzuru ilikuwa na kurasa mbili. Wa pili ni wa makaburi ya Lamu, na aliyeuweka ni yeye.